Karani wa Mama: kisa cha almasi za mchezo na pesa za kikundi

Kabla ya kisa

Haya yalitokea katika mmoja wa miji ya mpakani mashariki mwa Uganda, kule ambako sokoni Kiswahili ndicho kinachouza, na shilingi ya Uganda na ya Kenya hulala mfuko mmoja. Sitasema kama ni Busia au Malaba. Majina yote humu si ya wenyewe. Biashara ya mama nimeiacha ilivyo, maana wauza mukene (dagaa wa Ziwa Victoria) ni wengi mno kwa mtu kutambulika kwa hilo. Mchezo, kampuni ya simu na wauzaji sikuwataja. Familia ilisomewa maandishi haya kabla hayajatoka, na mama aliniomba nibadilishe jambo moja tu, ambalo nimelibadilisha.

Mimi huzunguka kwenye vikundi vya akiba vya akina mama wa soko nikiwafundisha matumizi ya pesa za simu. Kisa hiki niliitiwa siku ya pili. Ya siku ya kwanza nayasimulia kama nilivyoyapata kwa watu watatu, na hao watatu hawakupatana katika kila kitu.

Nyumba na pesa zake

Mama Sauda ana miaka arobaini na kitu. Anauza mukene kwa debe na kwa kikombe. Mume wake ni dereva wa lori la kwenda Juba, akiondoka huweza kukaa wiki tatu asionekane. Sauda, binti mkubwa, ameajiriwa duka moja Kampala. Hamisi, kitinda mimba, alikuwa na miaka 12, darasa la sita.

Hamisi alipata simu wakati wa korona. Shule za Uganda zilifungwa Machi 2020, na madarasa mengi hayakufunguliwa kikamilifu hadi Januari 2022. Walimu walikuwa wakituma mazoezi kwa WhatsApp, na Sauda akampa mdogo wake simu yake ya zamani ili asiachwe nyuma. Akaunti ya Google iliyokuwemo ilikuwa ya Sauda, na haikutolewa. Wala hakuna aliyefikiria kuitoa.

Katika miezi ileile mtoto akawa karani wa mama yake. Mama Sauda anahesabu pesa kichwani kuliko wewe na mimi, lakini ujumbe wa simu wa Kiingereza, wenye maandishi madogo na namba ndefu za muamala, humchosha macho. Basi ikawa "Hamisi, nisomee hii", kisha "Hamisi, mtumie yule wa Jinja elfu sitini", kisha hata mama akiwa anapima mukene mikono imejaa magamba, simu inakuwa kwa Hamisi na pini anaiita kwa sauti. Baada ya mwaka mmoja hakuhitaji tena kuiita.

La mwisho la kujua ni kwamba Mama Sauda alikuwa mweka hazina wa kikundi cha akina mama ishirini na wawili. Kikundi kilikuwa na sanduku lenye kufuli tatu, kama vikundi vingi, lakini tangu nyumba ya mwanachama mmoja ivunjwe waliamua pesa zikae kwenye simu ya mweka hazina. Laini ilikuwa ileile ya biashara ya mukene. Siku kisa kinaanza palikuwa na shilingi 1,400,000 za kikundi na kama 200,000 za Mama Sauda mwenyewe, zote katika salio moja.

Namna zilivyotoka

Mchezo ni ule wa kushuka kisiwani kwa mwavuli, kuokota bunduki na kubaki wa mwisho. Kuucheza ni bure. Kinachouzwa ni almasi, na kwa almasi mtoto hununua mavazi, ngozi za bunduki (rangi na mapambo yake), miondoko ya kucheza ngoma juu ya adui aliyeanguka. Nguo haimfanyi apige risasi vizuri zaidi. Lakini Hamisi alinieleza jambo ambalo mtu mzima hulipuuza: ukiingia na vazi lile la bure, wenzako wa kikosi wanakujua, wanakuacha, wanakwenda kutua kwingine.

Ununuzi wa kwanza ulikuwa mwishoni mwa muhula wa pili. Kijana mmoja kwenye kundi la WhatsApp la wachezaji alitangaza almasi mia kwa shilingi elfu nne. Utaratibu wake ni mwepesi: unamtumia pesa kwa simu, unampa namba yako ya mchezaji, baada ya dakika chache almasi zimeingia. Haulizwi nywila. Haulizwi umri. Hamisi alituma elfu nne kutoka simu ya mama akiwa ndani ya kibanda, mama akibishana na mteja hatua tatu kutoka hapo. Kisha akafuta ujumbe wa kuthibitisha.

Wiki ya kwanza alinunua mara tano, elfu nne nne. Ya pili mara tisa, elfu kumi kumi. Shule ikafungwa. Wiki ya tatu mara kumi na mbili, elfu ishirini ishirini, na hapa ndipo nilipomwuliza kwa nini elfu ishirini ilijirudia hivyo. Akanichorea kwenye vumbi: kuna gurudumu la bahati lenye zawadi nane. Kila mzunguko unagharimu zaidi ya uliotangulia, na ile zawadi unayoitaka haina haraka ya kutoka. Ukishafika mzunguko wa tano, kuacha ni kuzitupa zile nne. Na gurudumu lina saa inayorudi nyuma juu yake, siku mbili, siku moja, saa sita. "Nilikuwa karibu," alisema. Alilisema neno hilo mara nyingi kuliko neno lolote.

Siku nne za mwisho alinunua mara tano: elfu arobaini mara tatu, elfu sabini na tano mara mbili. Sehemu kubwa ya hizi haikuwa yake. Aliwanunulia wenzake sita zawadi, na kwa siku nne alikuwa mkubwa wa kikosi.

Jumla kwa njia hii ni shilingi 620,000 katika siku 25, kwa wauzaji wawili tofauti. Kando ya hizo, alinunua mara mbili ndani ya mchezo wenyewe kupitia Google Play, 36,000 na baadaye 38,000. Hakujua zinatoka wapi. Zilitoka kwenye kadi ya benki ya Sauda, Kampala, ambayo mwenyewe aliiingiza miaka mingi nyuma kulipia programu fulani akasahau.

Jumamosi kwa wakala

Mwanachama mmoja alikuwa amepitishiwa mkopo wa milioni moja kulipia karo ya muhula wa tatu. Jumamosi saa tatu asubuhi Mama Sauda alikwenda naye kwa wakala kuzitoa. Wakala akabonyeza, akasema, "Mama, salio halitoshi." Wakafikiri mtandao. Wakabonyeza tena. Zilikuwa 980,000.

Hebu fikiria pale alipokuwa amesimama: mweka hazina, mbele ya mwanachama, mbele ya foleni, na salio limempinga.

Alidhani ameibiwa na matapeli, wale wanaopiga simu wakijifanya wa kampuni. Wakala, kijana mwenye busara, alimsaidia kufungua orodha fupi ya miamala ya karibuni. Majina mawili ya wapokeaji yalijirudia. Mama Sauda akarudi nyumbani, akamkuta Hamisi ameketi kizingitini na simu, akamwuliza jina la kwanza. Uso wa mtoto ukajibu. Akamzaba makofi, jirani akamzuia.

Hamisi akakiri muuzaji mmoja. Wa pili hakumtaja.

Siku tatu za maamuzi

Nilifika Jumapili baada ya adhuhuri. Sauda alikuwa amekuja na basi la usiku. Baba alikuwa kwenye simu, mtandao wa njiani unakatika. Kila mtu alikuwa na uamuzi wake tayari: baba alitaka simu ivunjwe, Sauda alitaka polisi, mama alitaka mambo yasijulikane mpaka apate pesa za kuziba. Mimi niliomba kwanza tupate orodha kamili ya miamala ya siku sitini kutoka kituo cha huduma cha kampuni ya simu, Jumatatu asubuhi, kabla hatujaamua lolote. Ila pini ibadilishwe sasa hivi.

Hapo pana kichekesho kidogo. Mama Sauda alibadilisha pini mbele yetu, akaficha simu kwa kanga. Nikamwambia Hamisi, bila hila, "Unadhani ameweka nini?" Akafikiri, akataja tarakimu. Ndizo. Alikuwa ameweka mwisho wa namba yake ya simu. Tukabadilisha tena, na safari hii alikwenda chumbani peke yake.

*Simu isivunjwe, mchezo usifutwe.* Baba alikasirika kwa hili. Sababu yangu ilikuwa kwamba namba ya mchezaji na historia ya almasi zilizoingia vilikuwa ushahidi pekee wa nini kililetwa na nini hakikuletwa. Tulipiga picha za skrini zote, tarehe kwa tarehe, tukazilinganisha na orodha ya Jumatatu. Ndipo tulipogundua mambo mawili: lile jina la pili nalo ni la muuzaji, na elfu sabini na tano ya mwisho, iliyotumwa Jumamosi alfajiri, almasi zake hazikuwa zimeingia.

*Kumfuata muuzaji.* Kampuni ya simu ilipokea malalamiko, ikampigia mpokeaji wa kwanza. Akajibu kwamba ameuza bidhaa na ameifikisha. Kwa hiyo pesa hazikurudishwa, na kwa upande wao huo ni utaratibu: kurejesha pesa zilizotumwa kwa hiari, na pini sahihi, hutaka mpokeaji akubali au sababu nzito. Muuzaji wa pili nilimpigia mwenyewe. Kijana wa chuo, kwa sauti yake. Sikumtishia. Nilimwambia umri wa mteja wake na kwamba pesa ni za akina mama wa soko. Alinyamaza, akasema, "Mzee, mimi nilisikia sauti ni ya mtoto, lakini watoto wengi hutumwa na wakubwa." Hapo alinishinda hoja bila kujua, kwa sababu Hamisi kweli alikuwa mtoto anayetumwa na wakubwa, kila siku. Ile 75,000 ambayo hakuwa ameifanyia kazi aliirudisha jioni ileile.

*Kwenda mahakamani au la.* Sheria ya mikataba ya Uganda ya mwaka 2010 inaweka miaka 18 kuwa umri wa kufunga mkataba, na vighairi vyake haviwafikii watoto wa miaka 12. Ipo pia njia ya madai madogo katika mahakama za mahakimu, kwa madai yasiyozidi shilingi milioni 10, na haihitaji wakili. Kwenye karatasi tulikuwa na hoja. Lakini muuzaji naye angesema hakufanya mkataba na mtoto, alipokea pesa kutoka laini iliyosajiliwa kwa kitambulisho cha mtu mzima, kwa pini ya mtu mzima. Na shahidi mkuu angekuwa Hamisi, akisimama kusema mbele ya watu kwamba alimwibia mama yake. Mama alikataa kabla sijamaliza sentensi. Nadhani alikuwa sahihi.

*Google Play.* Hapa Sauda alitaka tuandike kwamba kadi yake imetumiwa na mtu asiyemjua. Google ina njia hiyo, na dirisha lake ni siku 120 tangu muamala, lakini ni kwa ajili ya wizi wa mtu wa nje. Ununuzi wa mwanafamilia aliyeshika simu yako una njia yake nyingine: unaomba kurudishiwa, na ombi lina nguvu ndani ya saa 48, baada ya hapo hukuelekeza kwa mtengenezaji wa mchezo. Tuliandika ukweli. Ile 38,000 ilikuwa ya Jumamosi usiku wa kuamkia Jumapili (ndiyo, usiku baada ya makofi, na nitalirudia hilo). Ikarudi siku ya nne. Ile 36,000 ilikuwa na siku kumi na moja, mtengenezaji akakataa kwa barua pepe ya adabu.

*Kuuza akaunti.* Wazo hili lilitoka kwa Hamisi mwenyewe. Alikuwa na hakika akaunti yenye mavazi yale ingepata laki tatu, na kwa kweli ndivyo alivyojituliza wiki zote tatu: nitaiuza, nitarudisha. Sauda alishawishika. Mimi nilipinga, kwa kuwa kanuni za mchezo zinakataza kuuza akaunti na aliyeinunua anaweza kufungiwa kesho yake, nasi tungekuwa tumemuumiza mtoto wa mtu mwingine ili kuziba pengo letu. Baba, ambaye hadi wakati huo alikuwa akipiga kelele, alisema kimya kimya kutoka Nimule, mpakani mwa Sudan Kusini, "Hatuuzi." Likaisha.

*Kuwaambia akina mama.* Uamuzi mgumu kuliko yote. Mama Sauda aliomba wiki mbili akope kwa dada yake. Nilimwambia hesabu ilivyo: kwenye simu sasa kuna 980,000 na 75,000 zilizorudi, yaani 1,055,000. Zake mwenyewe zote zimekwenda, na kikundi kinapungukiwa 345,000. Mwanachama aliyekuwa naye kwa wakala ameshaona salio. Ukimya wa wiki mbili usingekuwa ukimya, ungekuwa uvumi. Jumatatu jioni alikwenda kwa mwenyekiti, Hajati mmoja mwenye umri, akamweleza peke yake. Jumanne Hajati aliitisha kikao, na Mama Sauda akasema mwenyewe, orodha ya miamala mkononi.

Kilichorudi, kisichorudi

Kwa jumla zilitoka 694,000. Zilirudi 113,000. Zilizopotea ni 581,000, ambapo 36,000 ni za Sauda na 545,000 za mama na kikundi.

Kikao kilikuwa kirefu. Mmoja alisema mtoto asingejua pini kama mama hakutaka. Mwingine, ambaye sikumtarajia, akasema, "Nani hapa ambaye mwanawe hajui pini yake, ainue mkono." Mikono iliyoinuka ilikuwa minne. Baada ya hapo sauti zilishuka. Walikubali alipe 115,000 kila mwezi, Septemba hadi Novemba, deni liishe kabla ya mgao wa Desemba. Aliyekuwa akisubiri milioni moja alipewa laki tisa siku ileile, na shule ilikubali iliyobaki baadaye. Mama Sauda aliachia uweka hazina bila kuombwa. Deni alilimaliza Novemba tarehe za mwanzo, baada ya kuuza cherehani aliyokuwa haitumii.

Uchambuzi

Nianze na niliyokosea. Siku ile ya Jumapili nilishughulikia laini ya mama na nikasahau simu ya mtoto. Hamisi, akiwa na hofu na hasira, alinunua ile 38,000 usiku wa Jumamosi. Nilipofika Jumapili sikusema "ondoeni kadi yoyote iliyomo", kwa hiyo alibaki na nafasi ya kufanya tena, maana kadi tuliiondoa Jumatatu tu, tulipoona taarifa ya benki ya Sauda. Ilikuwa bahati kwamba hakufanya. Mtoto aliyekamatwa hubaki na mlango mwingine wazi, na mara nyingi huupitia usiku uleule.

Makofi nayo yana gharama inayohesabika. Kwa sababu yake Hamisi alimficha muuzaji wa pili hadi Jumatatu, tulipomwona kwenye orodha. Ile 75,000 ilikuwa kwa huyo wa pili. Angetajwa Jumamosi, huenda tungewahi pia elfu arobaini ya Ijumaa, ambayo almasi zake ziliingia Jumamosi mchana. Sisemi hili kumhukumu mama aliyesimama kwa wakala vile. Nasema tu fimbo ilizima mdomo tuliouhitaji.

Kilichofaa zaidi kilikuwa orodha kamili ya miamala kabla ya maneno. Ilitenganisha mambo matatu yaliyokuwa yamechanganyika vichwani: pesa zilizokwenda kwa wauzaji, pesa za kadi, na pesa ambazo mama mwenyewe alituma akasahau (zilikuwepo mbili, na alikuwa tayari amemhesabia mtoto).

Sasa kwenye kiini. Mzazi akitafuta ushauri wa mambo haya atakutana na mawaidha yaliyozaliwa kwingine. Marekani mwaka 2014 tume ya biashara, FTC, iliibana Apple irudishe angalau dola milioni 32.5, kwa kuwa mzazi akishaingiza nywila mara moja, mtoto alibaki na dakika 15 za kununua bila kuulizwa. Mwaka huohuo Google ikakubali kurudisha dola milioni 19. Mwaka 2022 Epic Games, wenye mchezo wa Fortnite, wakakubali dola milioni 245 za kurudishia wateja, kwa vitufe vilivyopangwa ili watu wanunue bila kukusudia. Katika miaka hiyo maduka ya programu yalikaza: nywila kwa kila ununuzi, ombi linalokwenda kwa mzazi, akaunti ya mtoto chini ya Family Link, programu ya Google ya mzazi kusimamia simu ya mtoto. Ni kinga nzuri. Tuliziweka zote kwenye simu ya Hamisi, na msimamizi ni Sauda, kwa sababu maombi huja kwa Kiingereza na mama angebonyeza "ndiyo" ili kelele iishe.

Lakini angalia hesabu. Katika 694,000, zilizopita mlango wa Google Play ni 74,000. Zilizobaki, karibu tisa kati ya kila kumi, zilipita pesa za simu kwenda kwa mtu binafsi. Family Link haizioni. Kwa mtandao wa simu ni mama amemtumia kijana elfu ishirini, kama anavyomtumia wa Jinja. Hapakuwa na kitufe cha hila. Palikuwa na pini, na pini ilikuwa ya mtoto muda mrefu kabla ya mchezo kuingia nyumbani.

Ndiyo maana nasita kutumia neno "bila idhini" kirahisi. Idhini ya kununua almasi Hamisi hakuwa nayo, na alijua, ndiyo maana alifuta ujumbe. Ila idhini ya kushika pesa alipewa kila siku, bila mpaka, bila malipo, na bila mtu kumwambia kwamba ndani ya salio lile kuna pesa za kina mama ishirini na mmoja wengine. Hilo la mwisho nilimwuliza mara mbili. Hakujua. Alidhani mama yake ni tajiri na anabana.

Mabadiliko yaliyoshika ni machache. Pesa za kikundi zilihamishwa kwenye akaunti ya SACCO (chama cha akiba na mikopo) yenye watia saini watatu. Baadhi ya wanachama walinung'unikia nauli na ada, na wananung'unika hadi leo. Mama Sauda alitenga laini ya biashara kwenye katochi, ile simu ya vitufe, isiyotoka kwenye kibanda cha mukene. Ujumbe wa miamala haufutwi, jioni wanausoma pamoja. Sauda alimfundisha mama maneno matano ya Kiingereza yanayojirudia katika kila ujumbe: uliyotuma, uliyopokea, ada, salio, jina. Ilichukua jioni mbili. Watu wazima watatu, mimi nikiwemo, hatukuwahi kulifikiria kwa miaka minne.

Kilichoshindikana ni mpango wa kumlipisha Hamisi. Tulikubaliana achambue mukene Jumamosi kwa elfu tano, nusu iende kwenye deni. Alifanya wiki sita. Kisha mitihani, kisha mvua, kisha mama akaona aibu kumkata mtoto wake. Jumla alichangia 15,000.

Miezi sita baadaye

Nilipita tena Machi. Mchezo bado upo, Jumamosi na Jumapili tu, kwenye simu ambayo haina kadi wala pesa. Wale sita aliowanunulia zawadi, wanne hawachezi naye tena. Januari alinunua almasi za elfu nne, kwa pesa aliyopewa na mjomba, kwa muuzaji yuleyule wa pili, kisha akamwambia mama yake kabla hajaulizwa. Baba aliona ni dalili ya kurudi kulekule. Mama aliona ni kinyume chake. Walibishana mbele yangu, sikuwaamulia.

Tulipokuwa tunazungumza simu ya katochi ililia. Mama Sauda aliutazama ujumbe, akaupeleka mbali na macho, akaurudisha. "Hamisi," akaita, "njoo unisomee hii, jina silioni." Akaja akausoma. Ilikuwa mteja wa Tororo, anataka madebe mawili na usafiri alipiwe. Mama akaipokea simu, akaugeuzia ukuta mgongo, akabonyeza mwenyewe.